Kumalizia kununua nyumba Mwanza: karatasi za kupokea kabla hujatoa hela ya mwisho

Mimi na kaka yangu tulinunua nyumba Mkolani, vyumba vinne, fensi ipo, maji yapo, na kwa sababu muuzaji alikuwa mzee wa heshima anayejulikana mtaa mzima tukamlipa hela yote siku ileile ya kusaini mkataba, tukapewa hati na funguo tukarudi nyumbani na furaha yetu. Baadaye tunapeleka maombi ya kuhamisha milki tunaambiwa saini ya mke haipo. Mama mwenyewe yuko Ukerewe kwa wanawe, mzee naye simu hapokei haraka kama zamani maana hela yake alishaipata, basi nyumba ikakaa kwa jina lake miezi tisa. Hatukudhulumiwa, mama alivuka ziwa akaja kusaini kwa moyo mweupe na Mungu ambariki, ila ile miezi tisa kila simu ikiita usiku nilikuwa nashtuka, nawaza je mzee akifariki leo itakuwaje.

Ndo maana naandika huu mwongozo. Funguo hazihamishi nyumba ndugu zangu. Mkataba peke yake nao hauhamishi, japo Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka uuzaji uwe kwa maandishi. Kwa ardhi yenye hati, nyumba inahama siku jina lako linapoingia kwenye daftari la Msajili wa Hati, na kufika huko kuna karatasi ambazo muuzaji peke yake ndo anaweza kukupa. Kwa hiyo hela iwe inafuata karatasi, isitangulie.

Kwanza, jua unauziwa karatasi ya aina gani

Hapa Mwanza unaweza ukazunguka siku moja ukaonyeshwa nyumba nne na kila moja ina karatasi yake. Kiseke au Buswelu unakuta hati miliki kamili, ile ya miaka 33 au 66 au 99. Kiwanja kingine kina ofa tu, yani barua ya toleo, mwenye nayo hakuwahi kumalizia hati. Ukipanda kule juu kwenye mawe, Mabatini au Igogo, nyumba nyingi zilijengwa kabla ya upimaji na mtu ana mkataba wa serikali ya mtaa, wengine wameshapitiwa na urasimishaji, yani serikali kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango. Ukitoka nje ya jiji ukaingia vijiji vya Magu au Misungwi unakutana na hati ya haki miliki ya kimila, hiyo inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji na halmashauri ya kijiji lazima ihusike, usidanganywe kwamba saini ya mwenyekiti peke yake inatosha.

Nitaongelea zaidi nyumba yenye hati maana ndo yenye makaratasi mengi. Kama ni ofa, kubalianeni kwa maandishi nani atafuatilia hati na kwa gharama ya nani, na hela kubwa ibaki kwako mpaka itoke. Kama ni mkataba wa mtaa, omba mlolongo mzima wa mikataba ya nyuma, nani alimuuzia nani, ukikosekana mmoja katikati hapo pana shimo. Na majirani wa pande zote wasaini kwamba mipaka ndo hiyo. Jirani wa kule juu anajua mengi kuliko karatasi, kaa naye unywe chai, muulize polepole.

Kingine kwa wanaopenda kiwanja cha kuona maji, Luchelele, Igombe, Kayenze huko. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Karatasi inaweza ikawa safi kabisa afu sehemu ya kujengea haipo, kwa hiyo pimisha hizo mita 60 kabla hata hamjaongea bei.

Pili, fanya upekuzi mara mbili

Upekuzi, wengi tunaita sachi, ni kuomba ofisi ya ardhi ya mkoa ikuambie rasmi daftari linasemaje kuhusu hati namba fulani: mmiliki nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mtu mwingine, au hamna. Unalipia kwa kontrol namba unasubiri majibu ya maandishi. Usikubali kufanyiwa sachi na dalali akakuletea majibu kwa mdomo, na usikubali sachi ambayo muuzaji aliifanya mwaka jana.

Mara ya kwanza fanya kabla ya kishika uchumba, yani ile hela ya awali. Mara ya pili fanya siku chache kabla ya kumalizia, maana kati ya hapo na hapo mtu anaweza kuchukua mkopo, au ndugu akaweka zuio. Hii ya pili watu wanairuka wanaona ni hela ya bure, wakati ni kidogo sana ukilinganisha na mamilioni unayokwenda kuyatoa.

Sachi lakini haikwambii kila kitu. Kesi iliyopo Baraza la Ardhi na Nyumba inaweza isionekane kwenye daftari kama hakuna aliyeweka zuio, kwa hiyo uliza mtaani pia, uliza kwa balozi wa nyumba kumi, uliza hata wapangaji.

Tatu, mkataba ugawe hela kwa karatasi

Nenda kwa wakili, na awe wakili wako, sio wa muuzaji wala wa dalali. Ndani ya mkataba hela iandikwe kwa awamu na kila awamu ifungwe na kitu cha kushikika. Kaka yangu alipokuja kununua kiwanja Nyamhongolo tulikuwa tumeshajifunza, tukapanga hivi: sehemu ndogo siku ya kusaini, sehemu nyingine fomu zote zikishasainiwa na muuzaji na mke wake, na kipande cha mwisho, ambacho tulihakikisha ni kikubwa kiasi cha kumfanya mtu apokee simu, baada ya kodi yake kulipwa na kibali cha uhamisho kutoka. Muuzaji alinung'unika kidogo ila alipoelezwa akaelewa, na kweli kila tukimwita anakuja.

Malipo yapite benki kwenda akaunti yenye jina lilelile lililopo kwenye hati na kwenye kitambulisho cha NIDA. Ukiambiwa tuma kwa namba ya mtoto wangu au akaunti ya shemeji, kataa kwa heshima. Kama ni lazima apokee mtu mwingine basi iandikwe kwenye mkataba na muuzaji asaini.

Na bei iandikwe ya kweli. Kuna watu wanashauriana waandike ndogo ili kodi ipungue, lakini ofisi inaangalia thamani kwenye ripoti ya uthamini, na siku mkienda kuvunja mkataba unarudishiwa ile ndogo iliyoandikwa.

Nne, saini ya mwenza, hapa simama kabisa

Nimeiweka peke yake kwa sababu ndo ilitutesa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Kwa hiyo unahitaji ridhaa ya mwenza iliyosainiwa mbele ya wakili, na picha yake, na kopi ya kitambulisho. Kama muuzaji ana wake wawili, usichague yupi ni mkubwa, pata ridhaa ya wote. Anayesema hajaoa aape kiapo cha kutokuwa na ndoa, aliyeachana alete talaka ya mahakama, mjane alete cheti cha kifo.

Na wale walioishi pamoja tu bila kufunga? Sheria ileile inasema watu wakiishi kama mke na mume miaka 2 au zaidi na watu wanawajua hivyo, inachukuliwa ni ndoa mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo ukikuta kuna dada anaishi pale ndani na muuzaji anakwambia huyo sio mke wangu, wewe chukua saini yake tu. Pia mwangalie machoni wakati anasaini. Kama analia au hajui anasaini nini, acha hiyo nyumba, zipo nyingine, hamna haja ya kuingia kwenye nyumba kwa machozi ya mama wa mtu.

Nyumba za urithi ni habari hiyohiyo na zaidi. Watoto kukaa kikao cha ukoo na kuandika muhtasari ni vizuri ila hauwapi mamlaka ya kuuza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kama ni Mahakama ya Mwanzo omba kuona ile fomu namba 4 ya uteuzi, orijino, na uende mahakamani kuhakiki namba ya shauri. Afu jina la msimamizi liingizwe kwanza kwenye hati kama msimamizi, ndo aje akuhamishie wewe, huwezi kupokea uhamisho kutoka kwa marehemu. Na hata kama sheria inampa msimamizi uwezo wa kusaini peke yake, mimi nachukua ridhaa ya warithi wote kwa maandishi pamoja na yule aliyeko Geita au Dar ambaye hakuna anayemtaja. Huyohuyo ndo huja baadaye.

Kama anayesaini ana nguvu ya uwakilishi, yani karatasi ya mwenye nyumba inayomruhusu asaini kwa niaba yake, hakikisha imesajiliwa, haijafutwa, inataja kuuza kwa jina na inataja kiwanja hichohicho, na mwenyewe mpigie simu ya video umwone yu hai. Kampuni ikiuza, omba azimio la bodi na taarifa za BRELA, wale wanaosajili kampuni, zinazoonyesha wakurugenzi wa sasa.

Tano, fomu na kodi

Fomu za ardhi za msingi ni tatu: namba 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba kibali, na namba 35 ambayo ndo hati yenyewe ya kuhamisha milki. Zinasainiwa na pande zote mbele ya wakili, picha za pasipoti zinabandikwa, seti zaidi ya moja. Zisaini zote siku moja muuzaji akiwa amekaa hapo, ukimwachia aondoke imebaki moja utamtafuta mpaka Sengerema.

Mthamini aliyesajiliwa anakuja kuangalia nyumba anaandika ripoti, ikaidhinishwe na upande wa serikali. Kutokana na hiyo ndo mnaingia TRA. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Mfano alinunua na kujenga kwa milioni 40 anauza milioni 60, faida milioni 20, kodi milioni 2. Ndo sababu mtu atunze mkataba wake wa zamani na risiti za saruji na nondo, asipokuwa na ushahidi wa alichotumia hesabu haimwendei vizuri. Kama ilikuwa makazi yake mwenyewe aulize msamaha TRA kabla ya kulipa. Mnunuzi yeye anabeba ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa hiyo kwenye milioni 60 ni laki 6, na ripoti ikisema nyumba ni milioni 75 jiandae na laki 7 na nusu. Viwango vinaweza kubadilika Julai na Sheria ya Fedha mpya, uliza vya mwaka unaonunua.

Ofisi ya ardhi haihamishi bila cheti cha TRA kwamba kodi ya muuzaji imelipwa. Soma tena hiyo sentensi. Kodi ni ya muuzaji ila asipolipa anayekwama ni wewe. Kwenye mkataba wetu wa pili tuliandika kwamba kodi inakatwa kwenye hela yake, wakili analipa kwa kontrol namba, risiti inabaki kwenye faili. Hapo mlango ukafungwa.

Wote wawili mna haja ya TIN, kama huna kapate mapema.

Sita, siku ya makabidhiano mezani

Hii siku njoo na mtu mwingine mwenye akili tulivu, wewe utakuwa na presha. Njoo na faili tupu, na orodha uliyoandika mwenyewe, kila karatasi ikipita mezani unaikagua, unatia tiki, muuzaji anasaini pembeni. Hela ya mwisho inatoka tiki ya mwisho ikishawekwa na site mkishakagua, sio katikati.

Hati miliki orijino pamoja na ile ramani iliyoambatanishwa nyuma. Shika mwenyewe, linganisha namba ya hati, kitalu, kiwanja na majibu ya sachi, ukubwa wa mita za mraba na ramani. Kopi yenye muhuri wa wakili sio hati. Kama ilikuwa benki, benki itoe hati na karatasi ya kuachia rehani inayokwenda kusajiliwa, barua tu ya kwamba mteja amemaliza deni haitoshi.

Fomu 29, 30 na 35 zilizosainiwa. Mkataba wenye mihuri, nakala yako kamili, kila ukurasa una saini. Ridhaa ya mwenza au kiapo. Kibali cha uhamisho. Cheti cha TRA na risiti zake. Ripoti ya uthamini. Kopi za NIDA na TIN za muuzaji na mwenza wake.

Risiti za kodi ya pango la ardhi mpaka mwaka huu, na hizi msizidharau, kuna viwanja vina madeni ya miaka mingi mwenye nyumba mwenyewe hajui, na uhamisho haupiti deni likiwepo. Kibali cha ujenzi na michoro ya nyumba, hasa kama una mpango wa kuongeza ghorofa au kuomba mkopo. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa kama imeombwa.

Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo nunua umeme wa elfu tano hapohapo uone unakatwa nini, deni la nyuma linatembea na mita. Maji omba bili ya mwisho ya MWAUWASA yenye namba ya akaunti, dada yangu alihamia Nyakato akakatiwa maji wiki ya kwanza kwa deni la mtu aliyemtangulia, ana mtoto mchanga ndani.

Kama kuna wapangaji, kila mkataba wa pango uwepo, na iandikwe nani amelipa mpaka mwezi gani na kodi yao iliyobaki inakwenda kwa nani. Mpangaji wa watu alilipa miezi sita kwa mzee, asije akaonekana mwizi kwako. Mwitaneni wote mkae, muuzaji awatambulishe kwa mdomo wake.

Baada ya mezani ndo mwende site. Hesabuni bikoni zote, yani yale mawe ya mipaka, mkiwa na ramani mkononi, ikikosekana moja apatikane mpima airudishe kwa gharama ya muuzaji kabla hela haijatoka. Funguo zote, na siku hiyohiyo badilisha vitasa. Andikeni karatasi ya makabidhiano ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, mita ya umeme namba fulani, usomaji wa mita ya maji, idadi ya funguo, saini za wote na mashahidi wawili wawili.

Saba, usilale na hati kabatini

Hapa wanunuzi wengi wa huku kwetu wanakosea. Wanapata kila kitu, wanaweka kwenye sanduku, wanasema nitahamisha nikipata nafasi. Miaka 5 inapita, muuzaji anafariki, fomu zimepitwa, watoto wake hawakujui. Peleka wiki hiyohiyo. Piga kopi za kila karatasi, skani kwenye simu na utume kwa ndugu mmoja unayemwamini, orijino zipeleke ofisi ya ardhi ya mkoa, na usiondoke bila kitu kinachoonyesha zimepokelewa na namba ya kumbukumbu. Andika tarehe ya kurudi, ukiambiwa wiki mbili rudi baada ya wiki mbili.

Wakati unasubiri badilisha jina la mteja TANESCO na MWAUWASA, na uende kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe kama mkazi.

Siku ukiitwa kuchukua hati, isome palepale dirishani, jina lako herufi kwa herufi na NIDA yako, namba ya kiwanja, kitalu, eneo, tarehe. Ya kaka yangu jina la babu lilikosa herufi moja, akaliona kabla hajatoka akarudisha ikasahihishwa. Angeliona miaka kumi baadaye akiwa benki anaomba mkopo angeanza kuapa viapo vya majina, na huku watoto wanasubiri ada.